Kibao Ndani ya Tramu

Jambo la kwanza alilonikataza yule mzee lilikuwa kupangusa vumbi. Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, nami nilikuwa nimeingia kwenye gareji yake na kitambaa mkononi, nikitaka aone kuwa ametumiwa mtu anayejua kazi. Akainua mkono wake uliokuwa ukitetemeka, akasema, "Hapo usiguse. Hilo si vumbi. Hiyo ni barabara ya Arlington kabla haijatiwa lami."

Nikatazama tena. Gareji haikuwa na gari. Ilikuwa na meza ndefu iliyozunguka kuta tatu, na juu ya meza kulikuwa na nchi nzima: nyumba ndogo za mbao, miti ya sponji iliyopakwa kijani, vituo vyenye paa la bati lisilozidi ukucha wangu, na katikati ya yote reli mbili nyembamba zilizotoka kona moja hadi nyingine. Kona ya kushoto ilikuwa Dallas, ya kulia Fort Worth. Grand Prairie, mji tuliokuwa tumesimama ndani yake, ilikuwa katikati, karibu na dirisha, nayo ilikuwa bado mbao tupu.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Machakos kuja Texas kusomea uuguzi, nikiishi Irving, mji wa jirani, katika nyumba ya kupanga pamoja na binamu yangu ambaye tayari alikuwa nesi. Siku ambazo sikuwa na masomo nilifanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee huyu alikuwa mjane wa miaka themanini na kitu, mzungu mrefu aliyeinama kidogo kama anayepita kwenye mlango mfupi, na alikuwa na ugonjwa wa Parkinson. Binti yake, mwalimu aliyestaafu, alikaa Fort Worth na alikuja Jumapili baada ya kanisa. Siku nyingine tulikuwa wawili tu, na hizo tramu zake.

Siku ya pili nilimweleza kuwa kwetu mtu wa umri wake hatumwiti kwa jina. Nikamfundisha neno "mzee". Alilipenda, akalitamka kama lenye zedi tatu, na tangu hapo hakukubali nimwite vingine.

Alinieleza habari za tramu zile kidogo kidogo, nikimsaidia kuvaa soksi, nikimpimia presha, nikikoroga uji wake wa oti. Zamani, kabla ya hizi barabara kubwa ambazo sisi wote tunaendeshea kama tumefukuzwa, kulikuwa na magari ya umeme yaliyokwenda kutoka mji hadi mji. Si treni kamili wala si tramu ya mtaani, ni kitu cha katikati: behewa moja au mawili, waya mmoja juu, na fimbo ndefu yenye kigurudumu iliyotoka kwenye paa na kuuparamia ule waya kuchukua umeme. Yeye alikuwa kondakta wa njia ya Dallas hadi Fort Worth akiwa kijana wa miaka ishirini, katika miaka ya mwisho kabla njia hiyo haijafungwa na reli kung'olewa. Baadaye alifanya kazi kiwandani hadi kustaafu. Lakini ukimsikiliza ungedhani miaka ile michache ya ukondakta ndiyo iliyokuwa maisha yake, na hiyo mingine arobaini alikuwa akisubiri kitu.

Kuta za gareji zilijaa ukumbusho. Kulikuwa na kofia yenye beji ya shaba, kengele ya kuvuta kwa kamba, taa ya nyuma ya kioo chekundu, ratiba za safari zilizokunjika hadi zikawa laini kama kitambaa, na koleo la kutobolea tiketi lililoacha tundu lenye umbo la nyota. Alikuwa amevikusanya kwa miaka mingi, vingine kwenye minada, vingine kwa wajane wa wenzake. Alijua kila kimoja kilitoka kwa nani.

Mimi nilijiingiza kwenye kazi yake kwa sababu ya kidonda. Asubuhi moja nilimkuta amejichoma kidole. Alikuwa akijaribu kulehemu waya wa juu, ule wa kuipa tramu umeme, na waya wenyewe ni mwembamba kama uzi wa kushonea. Mtu mwenye Parkinson anaweza kunyoosha mkono kuchukua kikombe na mtetemo ukatulia njiani. Kinachomshinda ni kushika kitu na kubaki tuli. Na kulehemu ni kubaki tuli.

Nikamfunga kidole. Alikuwa amekasirika, si kwa maumivu.

"Miaka miwili sasa nimekwama hapa Grand Prairie," alisema. "Nimefikisha waya kutoka Dallas, nimefikisha kutoka Fort Worth. Haukutani."

"Nionyeshe jinsi unavyofanya," nikasema.

"Wewe ni nesi."

"Bado. Lakini nyanya yangu alinifundisha kusuka vyondo, vile vikapu vya uzi wa katani, nikiwa na miaka sita. Kama ni uzi, naujua."

Alinitazama vidole, akaniambia nivae miwani ya kinga.

Waya wangu wa kwanza ulikuwa na vinundu kama mkufu wa shanga. Aliukagua kwa kioo cha kukuzia, akasema kwa upole kabisa, "Ng'oa." Wa pili akasema ng'oa. Sijui ni mara ngapi alisema neno hilo mwezi ule. Lakini hakupandisha sauti hata siku moja, na alikuwa na namna ya kufundisha ambayo walimu wangu wa chuo hawakuwa nayo: alikuambia kosa lako kisha akanyamaza, akakuachia muda wa kuliona mwenyewe. Nilijifunza kupasha waya joto kwanza, wala si lehemu, na kuiacha lehemu ikimbilie joto yenyewe. Nilijifunza kupumua nje wakati wa kugusa.

Siku waya ulipokutana, karibu na kituo kidogo nilichokuwa nimekipaka rangi mwenyewe, aliweka behewa relini, akainua ile fimbo kwa kidole kimoja hadi ikashika waya, akanionyesha swichi. Nikawasha. Taa ya mbele ikawaka, na behewa likaondoka Dallas polepole, likapita Grand Prairie, likapita vumbi la Arlington, likaingia Fort Worth bila kusimama. Mimi nilipiga kigelegele. Jirani aliyekuwa akikata nyasi alizima mashine yake akaja kuuliza kama kuna mtu ameanguka.

Binamu yangu hakuelewa. Jumamosi moja tukiwa kwenye chumba cha kufulia nguo nilimweleza habari za nguzo nilizokuwa nikichonga.

"Ngoja," alisema, amebeba shuka mabegani. "Wewe sasa ni nesi ama ni fundi wa stima?"

"Si vyote viwili?"

"Na hiyo exam ya pharmacology, utaifanyia kwa tramu?"

Nilifaulu mtihani ule, lakini kweli nilikuwa nimenaswa. Nilianza kufika kazini mapema.

Mwaka uliofuata mzee alipokea mwaliko. Kulikuwa na maonyesho Houston ya watu wanaounda tramu na reli za umeme kwa vipimo vidogo, nao walimwomba alete kitu. Meza nzima haikuweza kusafiri. Akaamua tutaunda behewa moja tu, lile lile alilolifanyia kazi, lenye paa la kutoka ili watu waone ndani. Lingekuwa na urefu wa kutoka kiwiko changu hadi vinapoanzia vidole.

"Kila kitu," alisema. "Watu wa pale wanahesabu hata misumari. Sitaki aje mtu aseme yule kondakta mzee amesahau."

Tukaanza. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu alichoanza kukitumia mwaka ule, macho yamefumba, akalitembea behewa lile kichwani mwake kutoka mbele hadi nyuma, nami nikaandika. Idadi ya viti. Vishikio vya shaba kwenye pembe ya kila kiti. Matangazo ya sabuni na dawa ya kikohozi juu ya madirisha. Beseni la kutemea. Ngozi ya viti nilipaka kahawia, akasema hapana, ilikuwa kahawia yenye wekundu, kama maharagwe. Nikarudia viti tisa vyote nilivyokuwa nimemaliza.

Jumanne moja alinituma nitafute picha ya ndani ya behewa ili tuhakikishe umbo la vishikio. "Droo ya tatu," alisema. Nilifungua ya tatu kutoka chini. Yeye alikuwa na maana ya tatu kutoka juu.

Ndani kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha flaneli. Nilidhani ni picha kwenye fremu, nikakifungua. Kilikuwa kibao cha mbao chenye vijiti viwili vya chuma chini yake, vya kuingiza kwenye tundu. Rangi yake ilikuwa imechubuka pembeni, palipokuwa pakishikwa. Upande mmoja ulikuwa umeandikwa kwamba viti kuanzia hapo kwenda nyuma ni vya abiria weusi. Upande wa pili ulisema viti vya mbele ni vya wazungu.

Sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nimesoma historia, na nilikuwa nimekaa Texas muda wa kutosha. Lakini kusoma ni kitu kingine na kushika mbao iliyolainishwa na viganja vya mtu ni kitu kingine. Na nilijua viganja vile. Ndivyo nilivyokuwa nikivipaka mafuta kila asubuhi.

Nikakifunga tena kitambaani, nikafunga droo. Nikapata picha kwenye droo nyingine. Nikampa dawa zake za saa sita, nikamsaidia kula, nikaandika ripoti, nikaendesha gari hadi Irving. Binamu yangu aliniuliza kama ninaumwa. Nikasema kichwa.

Siku mbili nilifanya kazi bila kuongea zaidi ya iliyohitajika. Siku ya tatu, nikiwa nafunga kishikio cha mwisho kwa kibano, mzee aliinamia behewa na kioo chake, akalikagua kiti kwa kiti.

"Basi limekamilika," alisema. "Hakuna kilichobaki."

"Kuna kimoja," nikasema.

Hakuuliza ni kipi. Alishusha kioo.

"Nilijua umekiona," alisema. "Tangu Jumanne unaniita bwana."

Nilikuwa sijatambua. Nikaketi kwenye kigoda cha kufanyia kazi.

"Kilikuwa kazi yangu," akasema. "Wazungu wakizidi, nakisogeza nyuma safu moja. Wakipungua, nakirudisha. Mara kumi kwa safari moja, mara ishirini. Siku moja alikuwemo mama mwenye mtoto mchanga. Wakapanda watu Arlington, nikasogeza kibao, nikamwambia ainuke. Nyuma palikuwa pamejaa. Akasimama na mtoto wake hadi Fort Worth. Alikuwa ameshika kishikio hiki hiki." Akaonyesha kwa kidole kiti nilichokuwa nimekimaliza. "Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Sikufikiri chochote. Nilifikiri kuhusu tiketi."

"Ulianza kufikiri lini?"

"Nilipopata mtoto mchanga wangu."

Nikamwuliza kwa nini alikiweka. Akasema siku njia ilipofungwa kila mtu alijichukulia kitu, na yeye alipofika nyumbani alikikuta kwenye mfuko wake pamoja na kengele. Hakukumbuka kukichukua. Hakuweza kukitundika ukutani na hakuweza kukitupa. Mke wake aliwahi kumwambia akichome, akasema atakichoma, akakitia kwenye droo.

"Basi tukiweke ndani," nikasema.

"Watu wanakuja pale na wajukuu zao, binti. Wanakuja kutazama tramu."

"Ulinifanya nirudie viti tisa kwa sababu ya rangi ya maharagwe."

Nilikuwa na hasira, na ninaposema hasira sisemi ya kupiga kelele. Nikamwambia, "Mimi ningekaa nyuma ya kibao hicho. Nimechonga kila kiti humu na kuna vingine nisingeruhusiwa kukalia. Kama hakimo, basi hili si behewa lako. Ni behewa la mtu mwingine, mahali pengine."

Nikamrudisha chumbani kwake kupumzika. Niliondoka nikidhani kesho nitapigiwa simu na ofisi iliyonituma kazini kuambiwa nisirudi.

Hakuna aliyepiga simu. Asubuhi nilimkuta tayari yuko gareji, amevaa shati vifungo vimepishana kwa sababu hakunisubiri. Kibao kile cha kweli kilikuwa mezani, nje ya flaneli, na rula kando yake.

"Kichonge," alisema. "Vipimo ni hivi."

Nilikichonga. Kilitoka na ukubwa wa punje ya mchele, na vijiti viwili vya waya. Nikakipaka rangi ya msingi, kikakauka. Kisha akanisogezea ile brashi yenye unywele mmoja.

"Sasa andika. Mkono wangu hauwezi."

"Sitaandika," nikasema.

"Kwa nini? Wewe ndiye uliyetaka."

"Nimechonga mbao. Maneno ni yako, Mzee."

Akaomba nifunge kibao kwenye jiriwa ndogo ya kubania kazi na nimwekee kioo mbele ya macho. Ule ugonjwa hupunguza mwandiko wa mtu. Herufi zinakuwa ndogo na ndogo zaidi hadi zinafanana na safu ya sisimizi, na daktari wake alikuwa akilalamika kila mara hawezi kusoma sahihi yake. Asubuhi hiyo udogo ule ulimfaa. Alisubiri mkono utetemeke hadi uchoke, kisha akausogeza haraka, na katika kule kusogea ukatulia kwa kitambo. Alama moja. Akapumzika. Alama nyingine. Alikosea, nikafuta kwa thina ya kuyeyushia rangi, akaanza upya. Alikosea tena. Sikumsaidia. Nilikaa kando yake nikiwa na kitambaa na kopo la thina, na jasho lilimtiririka puani nami nikalifuta, kwa sababu hiyo ilikuwa kazi yangu. Ilipofika saa saba mchana maneno yalikuwa yameandikwa, yamepinda kidogo upande wa kulia, lakini kwa kioo yalisomeka.

"Ni kibaya," alisema.

"Ndiyo," nikasema. Nikakiingiza mahali pake.

Tulikwenda Houston na binti yake akiendesha, behewa limewekwa ndani ya sanduku lililojazwa sponji mapajani mwangu njia nzima. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi mkubwa wenye baridi kali ya mashine, meza kwa meza, wanaume wengi wenye kofia na vesti zilizojaa beji. Mimi nilikuwa mtu mweusi wa pekee upande ule wa ukumbi, na mwanamke wa nne au wa tano. Walimpokea mzee kama balozi. Waliusifu waya wa ndani ya behewa, wakataka kujua nani amelehemu, na alipowaambia wakaniuliza maswali ya kitaalamu ambayo nilishangaa kuona majibu yake nayajua.

Mmoja wao, mtu mzima mwenye tai yenye picha ya tramu, alichungulia ndani kwa kioo, akanyooka.

"Kazi nzuri sana," akamwambia mzee. "Lakini hiki kibao, kulikuwa na haja gani ya kuleta siasa?"

"Hiyo si siasa," mzee akamjibu. "Hivyo ni vipimo."

Yule bwana akaenda zake. Binti wa mzee alikuwa amesimama nyuma yetu na kikombe cha kahawa. Hakuwahi kuambiwa chochote kuhusu kibao. Alichungulia, akamtazama baba yake, kisha akaweka mkono begani kwake akauacha hapo.

Mchana alikuja mama mmoja mzee, Mmarekani mweusi, amevaa suti ya zambarau na kofia yake ya kanisani, anatembea kwa mkongojo, na kijana wa kike kando yake aliyemwita bibi. Alikuwa akizunguka meza zote bila haraka. Alipofika kwetu alisoma lile jina la njia kwenye kadi, akaomba kioo. Alichungulia muda mrefu sana. Nilianza kuhesabu matangazo ya sabuni ili nisimtazame usoni.

"Nani ametengeneza viti?" akauliza.

"Mimi, mama," nikasema.

"Umetoka wapi, mwanangu? Hiyo sauti si ya hapa."

"Kenya."

Akaitikia kwa kichwa. "Viti ni vyenyewe. Lakini mmekosea kitu kimoja."

Mzee alisogea mbele kwenye kiti chake. "Kitu gani?"

"Hapa nyuma kabisa, chini ya benchi. Kulikuwa na kifuniko cha chuma, na chini yake mashine. Kilikuwa kinaunguza miguu. Kiangazi tulipata malengelenge. Lakini wakati wa baridi" – akacheka kidogo – "wakati wa baridi, bwana, ninyi wa mbele mlikuwa mnatetemeka na sisi tuko hapa kama tuko jikoni."

Mzee alifumba macho, akalitembea behewa tena. "Kifuniko cha chuma," alisema. "Ni kweli. Nilikuwa sikai huko."

"Hapana," mama akasema. "Hukuwa unakaa huko." Kisha akauliza, "Wewe ndiye ulikuwa kondakta?"

"Mmoja wao. Ndiyo, mama."

"Sikukumbuki."

"Nami sikukumbuki. Samahani."

Sijui ile samahani ilikuwa ya kutomkumbuka au ya mengine. Yule mama akamwambia mjukuu wake amletee kiti. Akaketi upande wa pili wa meza, akaweka mkongojo kati ya magoti, na wakaanza kutaja vituo. Yeye alikuwa akisafiri na mama yake kutoka Fort Worth kwenda Dallas kumtembelea shangazi, akiwa msichana wa miaka tisa au kumi. Akitaja kituo, mzee anataja kinachofuata. Walipofika katikati walibishana kama kulikuwa na kituo kimoja au viwili, na mzee alishindwa, kwa sababu mama alikumbuka duka la peremende lililokuwa kwenye kile cha pili. Hawakuzungumza kuhusu kibao hata kidogo. Nilikuwa nimengoja wakizungumzie, na nakiri nilivunjika moyo kidogo. Leo naona hawakuwa na haja. Kilikuwa pale mezani kati yao, kila mmoja alikiona.

Kabla hajaondoka alinivuta kando. "Mle ndani hamna watu," alisema. "Weka watu. Weka msichana dirishani, upande wa kulia, kiti cha pili kutoka nyuma. Gauni la bluu, kola nyeupe. Mama yangu alilishona kwa pazia." Akaandika namba yake ya simu nyuma ya tiketi ya maonyesho.

Tulirudi Grand Prairie, nikamtengeneza msichana kwa nta na rangi, na kile kifuniko cha chuma pia. Mzee alitaka kujua kola ilikuwa ya mviringo au ya pembe, nikapiga simu kuuliza. Tangu siku ile wakawa wanapigiana karibu kila wiki. Mimi ndiye niliyebonyeza namba na kumshikia simu sikioni, kwa hiyo nilisikia mengi: habari za magoti, za wachungaji wanaohubiri kwa muda mrefu mno, za bei ya pichi. Mara moja tu nilisikia mama akisema, "Yule mama mwenye mtoto uliyenisimulia, nimemwombea. Na wewe nimekuombea, baada yake." Mzee akasema, "Huo ndio mpangilio sahihi." Kisha wakaendelea na pichi.

Mwaka mmoja baadaye hakuweza tena kumeza vizuri, na binti yake akamhamishia kwenye nyumba ya wazee karibu naye Fort Worth. Meza ya gareji ilikatwa vipande vitatu, ikaenda kwenye jumba dogo la makumbusho pamoja na kofia, kengele, na kibao chenyewe, safari hii bila flaneli. Alisema maneno ya kuandikwa kwenye kadi yake, binti yake akayapiga chapa: kwamba kibao hiki kilisogezwa na yeye, kwa mkono wake, kwa muda gani na kwenye njia gani. Nilikwenda kumwona Jumapili mbili kabla hajafariki. Aliniuliza kama nafanya mazoezi. Nikamwambia nimehitimu, sasa ni nesi kamili. "Nauliza ya kulehemu," alisema.

Nilihamia Houston kwa ajili ya kazi ya hospitali, nikapanga ghorofani karibu na mtaa wa Gulfton, mahali ambapo unaweza kusikia lugha saba kabla ya kufika kwenye gari lako. Mwaka wa kwanza sikugusa chochote. Kisha nikanunua reli kidogo, kisha waya. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mji ulianza kuchimba barabara kuweka treni mpya ya umeme, na nilipoona nguzo zikisimamishwa njiani kwenda kazini nilipunguza mwendo kuzitazama hadi watu wakanipigia honi.

Nilichokuwa naunda ni njia ya zamani ya kutoka Houston hadi Galveston, sehemu ile inayovuka maji kwa daraja la matao. Nilikusanya postikadi zake, na ratiba mbili. Jirani yangu, mama Mkongomani wa kutoka Bukavu aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala, aliingia siku moja kuomba chumvi akaikuta meza ikiwa imechukua sebule nzima.

"Dada, hii ni ya watoto?" akauliza.

"Hapana, ni yangu."

"Wee na kazi yote ile, unapata wakati ya hii?"

"Ndiyo inayonipa nguvu ya hiyo nyingine."

Alilizunguka lile daraja, akainama kutazama matao yake chini. Shida yangu wakati ule ilikuwa plasta. Hewa ya Houston ina maji mengi, na matao yalikuwa hayakauki. Wiki ya pili yalikuwa bado yanabonyea ukiyagusa. Akaniambia kwao udongo wa jiko huchanganywa na majivu. Hatukuwa na majivu, tukajaribu unga wa chokaa ya bustani. Matao mawili yakapasuka, kumi na moja yakashika jioni ile ile, naye akachukua chumvi yake akaenda kupika.